Sindano Ishirini na Mbili

Karugendo alinidunga sindano ishirini na mbili za matako, moja kila Jumanne, na katika Jumanne zote hizo hakuniambia hata siku moja nifungue mdomo. Nalitanguliza hili ili anayesoma ajue nimekasirika kwa sababu gani. Watu wa kwetu husema Kokushubila ana hasira za karibu. Ninazo, sikatai. Lakini hizi ninazozieleza hazikuwa za karibu. Zilichukua miezi mitano kuiva, na walioziivisha walikuwa watu wazima wenye akili zao na vitabu vyao.

Mwaka huo ulikuwa 1947, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimerudi nyumbani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Muleba, baada ya kukaa Bukoba mwaka mzima nikijifunza ushonaji. Baba yangu, Kagaruki, alikuwa ameshafariki. Mama yangu, Celina, alinilea peke yake kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa, akanisomesha kwa misheni hadi nikajua kusoma, kuandika na kuhesabu vizuri kuliko wavulana wengi. Nilirudi na ahadi: shule ya usharika wetu ilitaka mwalimu wa darasa la kwanza la wasichana, na mwalimu huyo angekuwa mimi. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyotaka mume. Nilishaanza kushona gauni la kufundishia.

Lakini nilirudi na kitu kingine pia. Juu ya meno ya kushoto, kati ya pua na shavu, uvimbe ulikuwa umejitokeza. Ulianza kama harage, ukafika ukubwa wa njugu mawe. Ulikuwa mgumu kama mfupa na haukuuma hata kidogo. Mimi niliuzoea. Watu wengine ndio walioshindwa kuuzoea.

Katika gombolola yetu mwami, yaani mkuu wa eneo lile, alikuwa ametoa amri kwamba kila msichana anayerudi kutoka mjini apite kwanza zahanati, aandikwe, apewe cheti kwamba hana ugonjwa wa zinaa. Bila cheti hicho hakuna shule ambayo ingemwajiri wala kanisa ambalo lingemfungishia ndoa. Wavulana waliorudi kutoka mjini hawakupimwa. Wao walirudi na baiskeli, watu wakatoka vibarazani kuzishangaa.

Zahanati ilikuwa chini ya Karugendo. Kazi yake ilikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, lakini sisi tulimwita daktari naye hakukataa. Alikuwa na koti jeupe, kalamu mbili mfukoni na kitabu kirefu chenye jalada jeusi. Nilipoingia alinitazama shavu, akauliza, "Bukoba ulikaa wapi?"

"Kwa fundi cherehani, karibu na soko."

"Kwa Waswahili?"

"Kwa fundi, waitu," nikamjibu kwa heshima ya Kihaya.

"Basi," akasema, akaanza kuandika. Kitabu kilikuwa kimemwelekea yeye, lakini mtu aliyefundishwa kusoma husoma hata maandishi yaliyopinduka. Aliandika jina langu, la baba yangu, la kijiji, kisha neno moja: kaswende.

Nilimwambia sijawahi kulala na mwanamume. Alisema wote husema hivyo. Nilimwambia apime damu. Alisema damu hupimwa pale ambapo mtu ana shaka, na yeye hakuwa na shaka, maana kaswende ikishaingia kwenye mfupa inaonekana kwa macho. Alitumia kidole kuubonyeza uvimbe kwa nje, mara moja, kama mtu anayejaribu parachichi sokoni. Huo ndio uchunguzi wote niliofanyiwa.

Dawa yenyewe iliitwa bismuti. Ilikuwa nzito, nyeupe kama uji uliolala, na iliingia mwilini taratibu mno. Siku ya Jumanne sikuweza kukaa, Jumatano nilichechemea, Alhamisi nikaanza kuwa mtu, na baada ya siku chache Jumanne ilirudi tena. Kinywa changu kikawa na ladha ya chuma. Fizi zikaota mstari mweusi kuzunguka meno yote, kama mtu aliyekula makaa. Na uvimbe? Uvimbe haukujali. Ulikaa palepale.

Walioona fizi zangu walisema ugonjwa sasa unatoka nje. Nikaacha kucheka mbele za watu, nikajifunza kuongea huku nimeziba mdomo kwa mkono, na hilo nalo likawa ushahidi dhidi yangu. Mzee wa kanisa letu, Gamaliel, ambaye pia alikuwa msimamizi wa shule, alikuja nyumbani kuniarifu kwamba nimetengwa na Meza ya Bwana na kwaya, na kwamba kazi yangu ya ualimu itaningoja mpaka nipone. Alisema kwa upole. Upole wake ulinikera kuliko kelele.

Lakini aliyeniumiza kuliko wote ni mama. Siku ile ya sindano ya kwanza hakuniuliza neno. Alitoa kikombe cha bati, akapigilia msumari mpya ukutani mbali na vyombo vingine, akakitundika hapo. Tangu siku hiyo hicho ndicho kikawa kikombe changu. Nilimwambia, "Mawe," kama tunavyomwita mama kwa Kihaya, "sina ugonjwa huo." Akasema, "Maliza dawa, mwana wange." Nilimwambia tena kesho yake, na wiki iliyofuata, na baada yake. Kila mara jibu lilikuwa lile lile. Maliza dawa.

Baada ya sindano ya ishirini na mbili jino moja upande wa kushoto, chini ya uvimbe, likaanza kulegea na kuniuma. Sikumwambia Karugendo. Nilihofia angeanza sindano za mkono. Nilipanda lori la kahawa, nikakaa juu ya magunia hadi Bukoba, nikaenda kwa Zahoro.

Zahoro alikuwa kinyozi mwenye kibanda karibu na yule fundi aliyenifundisha kushona. Asubuhi alinyoa, mchana aling'oa meno. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa pwani, lakini yeye alizaliwa Bukoba, na Kihaya chake kilikuwa safi kuliko cha wachungaji wengine. Alinikumbuka.

"Kokushubila! Mbona umekonda? Haya, kaa hapo. Fungua mdomo."

Nikaangua kilio. Nililia hadi mteja aliyekuwa na povu kidevuni akageuka kutazama.

"Sijashika hata koleo," alisema Zahoro. "Unalia nini?"

"Hakuna aliyewahi kuniambia nifungue mdomo."

Hakuelewa, lakini alinipa kitambaa na akangoja. Kisha aliusogeza uso wangu kwenye jua, akaingiza kioo kidogo cha duara mdomoni, akatazama kwa muda mrefu. Alipomaliza alikuna kichwa.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Na hili jino ni la utotoni. Ulipaswa kulitupa juu ya paa ukiwa na miaka kumi na moja, kumi na miwili. Wewe umekaa nalo tu, umelifuga?" Alicheka, kisha akaacha kucheka. Aligonga uvimbe kidogo kwa kidole. "Mwenyewe hajashuka. Jino kubwa limebaki humu ndani, na kuna kitu kimelizuia. Kitu gani, sijui. Mimi ni wa kung'oa, si wa kupasua mifupa. Nenda kwa wamisheni wenu, Kamachumu. Wana daktari."

"Na huu weusi wa fizi?"

"Umedungwa bismuti?"

Nikaitikia kwa kichwa. Niliona aibu kana kwamba ni kweli.

"Nimenyoa askari wengi waliorudi vitani," alisema. "Waliodungwa bismuti, wengi walikuwa na fizi kama hizi. Huu weusi umeletwa na dawa, binti yangu. Sio ugonjwa."

Kinyozi. Kinyozi mwenye kioo cha ukubwa wa sarafu aliona kwa dakika tano kitu ambacho koti jeupe halikukiona kwa miezi mitano. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekaa juu ya magunia matupu na hasira zimenijaa, na wiki iliyofuata nikaenda Kamachumu kwa miguu.

Daktari wa misheni alikuwa mama wa Kiswidi, mrefu, mwenye mikono baridi. Yeye naye aliniambia nifungue mdomo, na safari hii sikulia. Alichukua damu yangu, akanilaza wodini akisubiri majibu. Majibu yakaja kwamba damu haina kitu. Akaamuru ipimwe mara ya pili ili mtu yeyote asije akasema ilikosewa. Mara ya pili nayo haikuwa na kitu. Ndipo akanipasua.

Alinichoma ganzi, akaukata ufizi kwa ndani, juu ya lile jino la utotoni. Sikusikia maumivu ila nilisikia patasi ikigonga mfupa, sauti ambayo mtu anaisikia kwa kichwa chake mwenyewe. Kisha daktari akaiweka patasi chini. Akaita muuguzi. Akaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuviweka kwenye bakuli la enameli, na kila kimoja kililia kilipoanguka. Niligeuza macho. Yalikuwa meno. Meno madogo kama punje za mchele, meupe, mengine yakiwa na vizizi vyake kabisa, yalikuwa yamefungwa pamoja ndani ya mfuko mmoja ndani ya taya langu. Muuguzi aliyahesabu: thelathini na moja. Nyuma yake ndipo lilipokuwa jino langu halisi, limelala ubavu, limekosa njia ya kutokea.

Daktari alifurahi kama mtoto. Alisema amesoma habari za uvimbe huo vitabuni lakini hajawahi kuuona. Hutoka kwenye ile mbegu inayotengeneza meno. Kwa kawaida mbegu moja hutengeneza jino moja, lakini kwa mtu mmoja kati ya wengi sana mbegu hukosea, inatengeneza vijino vingi visivyo na kazi. Hauui. Hauambukizi. Ukitolewa vizuri haurudi.

"Husababishwa na nini?" nikamuuliza nilipoweza kusema.

"Hatujui," alisema. Kisha akanitazama. "Hautokani na mwanamume, kama ndilo unalouliza."

Alinipa barua iliyopigwa chapa, yenye sahihi na muhuri, ikisema kwamba Kokushubila binti Kagaruki amepimwa damu mara mbili, kwamba hana kaswende wala hakuna dalili kuwa aliwahi kuwa nayo, na kwamba uvimbe wake ulikuwa wa meno. Niliisoma njiani mara nyingi hadi nikaijua kwa moyo. Niliamini mambo yamekwisha. Nilikuwa bado mtoto.

Karugendo aliisoma barua taratibu huku midomo yake ikicheza. Akafungua kitabu chake cheusi, akatafuta jina langu.

"Vizuri sana," akasema. "Umepona."

"Sikupona, waitu. Sikuugua."

Alinigeuzia kitabu nikaona mwenyewe. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili: Mgonjwa na Amepona. Safu ya tatu haikuwapo.

"Nitaandika wapi?" akauliza, na naapa aliuliza kwa dhati.

"Futa jina langu."

Hapo alikasirika. "Nikifuta, sindano ishirini na mbili nilimdunga nani? Dawa ya serikali ilikwenda wapi? Mwami ataniuliza mimi, hatakuuliza wewe." Akachovya kalamu, akaandika *Amepona*, akakata cheti, akagonga muhuri. Alinipa kwa mikono miwili kana kwamba ananipa zawadi, na usoni alionekana kungoja nimshukuru.

Sikumshukuru. Nilichukua cheti pamoja na barua nikaenda kwa Gamaliel, maana nilidhani mtu anayesoma Biblia kila siku angejua tofauti kati ya aliyepona na asiyeugua. Alivisoma vyote viwili uani kwake, akavikunja, akanirudishia.

"Mungu ni mwema," alisema. "Umeponywa. Jumapili utasimama mbele ya usharika utubu, nasi tutakupokea kundini. Jumatatu utaanza kufundisha. Watoto wanakungoja."

"Nitubu nini, mzee? Barua inasema sikuwa nao."

"Daktari anajua mwili, binti yangu. Kanisa linaangalia roho. Jina lako limo kitabuni, usharika mzima unajua. Nikikuacha uingie darasani bila toba, wazazi wataondoa watoto wao. Ni neno moja tu."

Miaka ile uamsho ulikuwa umepamba moto kwetu. Watu walisimama kanisani wakaungama waziwazi: huyu aliiba ndizi za jirani, yule alikwenda kwa mganga, mwingine alimchukia mkwewe. Kila aliyeungama, kanisa zima lilimwimbia wimbo wa shukrani, akakumbatiwa. Kwa mtu mwenye dhambi ulikuwa utaratibu mzuri, sina ugomvi nao. Lakini mimi niliombwa niungame dhambi ya kitabu cha Karugendo.

Mama alilichukua neno la Gamaliel akalifanya wimbo. Alinifuata nalo shambani, alinifuata nalo kisimani. "Ni neno moja, mwana wange. Sema nimetubu, uende ukafundishe. Baba yako angefurahi kukuona umeshika chaki." Jumamosi, tukimenya ndizi, nilishindwa kuvumilia.

"Mawe, wewe unaamini nilifanya?"

Aliendelea kumenya. Ndizi moja, ya pili, ya tatu. Nikamwekea barua ya daktari kwenye kanga yake, nikamsomea kila neno na kumgeuzia kwa Kihaya.

"Wao wamesoma kuliko mimi," alisema hatimaye.

"Na mimi je? Mimi nimesoma nini?"

Akachukua ndizi nyingine. Niliondoka nikaenda kukaa migombani hadi chakula kikawa tayari, ndipo nikarudi kula. Nilikuwa nimechoka. Nitasema ukweli: Jumamosi ile nilikuwa nimeamua kutubu. Neno moja, sekunde moja, kisha chaki na watoto maisha yangu yote. Nilijiambia Mungu anajua.

Jumapili kanisa lilijaa hadi wengine wakakaa madirishani. Gamaliel aliniita, nikatoka kwenye viti vya wanawake nikasimama mbele. Nilikuwa nimevaa lile gauni la kufundishia. Gamaliel alisema, "Dada yetu alipotea, ameponywa, amekuja kutubu," na nikaona nyuso zote zimeshaanza kutabasamu, vifua vimeshavuta pumzi kwa ajili ya wimbo. Walikuwa na furaha ya kweli. Walinisamehe tayari! Nani aliwapa cha kunisamehe?

Neno lile likanikwama. Badala yake likatoka jingine, na lilitoka kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Sina cha kutubu. Sikufanya. Nilidungwa sindano ishirini na mbili kwa ugonjwa ambao sikuwa nao, na nikatolewa meno thelathini na moja yaliyokuwa yamejificha taya­ni mwangu, na daktari ameandika, na mzee Gamaliel amesoma. Anayetaka kutubu atubu kwa kuniandika bila kunitazama. Mimi siwezi kumdanganya Mungu ndani ya nyumba yake ili nipewe kazi."

Gamaliel alikuwa ameiva uso kwa hasira. "Keti, binti," alisema. "Una roho ya kiburi. Shule haitamchukua mtu mwenye roho hiyo."

Basi kazi ikaenda, palepale, mbele ya watu. Nilirudi kwenye kiti changu, na nilipokuwa ninakaa mama akasimama.

Nilidhani anakwenda kuniombea msamaha. Nilimvuta kanga. Aliitoa mkononi mwangu, akaenda mbele, akasimama pale nilipokuwa nimesimama mimi. Mama yangu hakuwahi kusema kanisani hata siku moja. Alisema kwa Kihaya, polepole, akitazama sakafu.

"Mimi ni Celina, mke wa marehemu Kagaruki. Nimekuja kutubu. Huyu nilimzaa mwenyewe, nilimwona akiota jino la kwanza. Walipokuja kunieleza habari zake, niliwaamini wao. Nikamtengea kikombe nyumbani kwa baba yake. Aliniambia ukweli mara moja, mara mbili, mara kumi. Jana amenisomea. Nikaogopa kumwamini, kwa sababu nikimwamini yeye ningelazimika kugombana na ninyi. Hiyo ndiyo dhambi iliyomo nyumbani kwetu. Nyingine haimo."

Akangoja wimbo. Kila aliyeungama huimbiwa. Gamaliel alifungua kitabu cha nyimbo, akakifunga, akakifungua tena. Watu walitazamana. Wakiimba, wamekubali. Wasipoimba, wamemkataa mtu aliyetubu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika usharika wetu. Mwishowe hakuna aliyeimba. Mama akaona, akafunga kanga yake vizuri, akanijia kitini, akanishika mkono tukatoka nje ibada ikiwa katikati.

Tulitembea hadi njia panda. Yeye alikuwa analia na mimi silii.

"Mawe," nikamwambia, "bado nimekukasirikia."

"Kasirika, mwana wange," alisema. "Kasirika mpaka uridhike. Mimi nipo."